Waziri wa Bajeti, Mlinzi wa Mali ya Wote



Jioni ya siku ya soko, mtazameni mama yenu. Ameuza mihogo yake, amerudi na feza zimefungwa katika pindo la kitambaa. Kabla ya kulala anazimwaga juu ya mkeka, anazihesabu, kisha anazigawa mafungu mafungu. Hizi ni za chumvi na mafuta. Hizi ni za sabuni. Hizi ni za dawa ya mtoto. Hizi ni za mbegu. Kidogo kinachobaki anakificha kwa siku ya taabu. Mtoto akiomba mkate mtamu, mama anajibu: "Hapana, mwanangu. Feza hizi zimekwisha kupata kazi yake." Mama si mchoyo. Anajua tu kwamba franka moja hainunui vitu viwili.

Nchi nayo ni kama nyumba kubwa. Kongo yetu ina mikoa 26 na watu milioni nyingi. Nayo inahitaji kula, kuponya wagonjwa wake, kusomesha watoto wake na kutengeneza barabara zake. Nani basi anakaa juu ya mkeka na kugawa mafungu? Leo tutajifunza kazi ya mtu huyo. Anaitwa Waziri wa Bajeti.

1. Feza za Leta zatoka wapi?

Watu wengine wanafikiri kwamba Serikali, au Leta kama wazee wetu walivyozoea kuiita, ina kisima cha feza ambacho hakikauki. Sivyo. Feza za Leta zinatoka mikononi mwa watu.

Makampuni yanayochimba shaba na kobalti katika Haut-Katanga na Lualaba yanalipa kodi. Mfanyabiashara anayeingiza vitenge na saruji analipa ushuru mpakani. Mfanyakazi anakatwa sehemu ya mshahara wake. Ukinunua sukari au sabuni katika duka kubwa, ndani ya bei yake mara nyingi imo sehemu ya Leta. Kwa hiyo hata mama yako, hata wewe mwenyewe, mmetia kitu katika sanduku la nchi.

Shikeni neno hili vizuri, kwa maana masomo yote ya leo yanasimama juu yake: feza za Leta si za Waziri. Si za Rais, wala si za wabunge. Ni za watu wote. Waziri ni msimamizi tu. Amewekewa mali ya wengine, na siku moja ataulizwa: "Umeifanyia nini?"

2. Mawaziri wawili na sanduku moja

Katika Kongo kuna mawaziri wawili wanaoshughulika na feza za Leta. Waziri wa Feza anaangalia namna feza zinavyoingia. Yeye pia ndiye mwenye kutoa feza wakati wa kulipa. Waziri wa Bajeti anapanga namna zitakavyotumika, kisha anachunga ili zisitoke pasipo haki. Sanduku ni moja, funguo ni mbili.

Kila mwaka mawaziri wengine wote wanamletea Waziri wa Bajeti maombi yao. Mmoja anataka hospitali. Mwingine anataka madaraja. Wa tatu anataka mishahara ya askari. Wa nne anataka shule na walimu. Maombi karibu yote ni mazuri. Lakini ukiyajumlisha, yanapita feza zilizoko. Hapo ndipo kazi ngumu ya Waziri inapoanza: lazima achague. Lazima amwambie mwenzake, ambaye labda ni rafiki yake, "Mwaka huu hapana." Mtu asiyeweza kusema hapana hawezi kulinda sanduku.

Waziri hachagui peke yake. Mpango huo unaitwa bajeti, na mawaziri wote wanaujadili pamoja katika Serikali. Kisha, kama Katiba ya mwaka 2006 inavyoagiza, Serikali inaupeleka mbele ya Baraza la Taifa kabla tarehe 15 Septemba haijapita. Wabunge wana mpaka tarehe 15 Desemba kuuchunguza, kuuliza na kusahihisha. Maseneta nao wanaupitia. Rais akiisha kutia sahihi yake, bajeti inakuwa sheria kama sheria nyingine. Tangu hapo feza zilizowekwa kwa ajili ya dawa ni za dawa, na zile za barabara ni za barabara.

3. Milango minne

Tuseme katika bajeti imeandikwa kwamba shule fulani itapata madawati mapya. Je, mtu anachukua feza tu na kwenda kwa seremala? Hapana. Feza lazima zipite milango minne.

Mlango wa kwanza ni kuahidi. Kabla ya kumwagiza seremala, mkaguzi wa bajeti anafungua kitabu na kuuliza: "Je, madawati haya yameandikwa humu? Na fungu lake bado lina feza?" Kama hayakuandikwa, mlango unafungwa.

Mlango wa pili ni kuhakikisha. Seremala ameleta madawati. Yahesabiwe. Kama aliagizwa 50, yawe 50, si 40. Yawe na miguu imara. Bei iwe ile waliyopatana.

Mlango wa tatu ni kuagiza malipo. Mkubwa mwenye ruhusa anatia sahihi: "Mlipeni mtu huyu kiasi hiki."

Mlango wa nne ni kulipa. Feza zinatoka katika hesabu ya Leta, ambayo iko katika Benki Kuu ya Kongo, na seremala anapata haki yake.

Labda utauliza: kwa nini milango mingi hivi? Sababu mtu ni mtu. Anayeagiza, anayehesabu na anayelipa wakiwa mtu mmoja, shetani hana kazi kubwa ya kumjaribu. Wakiwa watu wanne, mmoja anamwangalia mwenzake. Hata katika kanisa letu, sadaka ya Jumapili haihesabiwi na mtu mmoja nyuma ya mlango uliofungwa.

Kuna pia njia ya haraka. Mafuriko yakibomoa daraja, au ugonjwa ukitokea, Leta haiwezi kungoja. Sheria inaruhusu feza zitoke upesi, na karatasi zifuate nyuma. Jambo hilo ni jema kama kweli kuna hatari. Lakini katika nchi yetu njia hiyo ya haraka imetumiwa mara nyingi mno, hata kwa mambo yasiyokuwa ya hatari. Anayeruka ua wakati mlango uko wazi, tunajiuliza amebeba nini.

4. Miaka ambayo sanduku halikuwa na mlinzi

Waulizeni babu zenu habari za miaka ya 1990. Nchi ilikuwa ikiitwa Zaïre, na feza yake iliitwa zaïre vilevile. Leta ilitumia kuliko ilivyopata. Ilipokosa feza, ilichapisha noti mpya. Ukizidisha noti bila kuzidisha vitu sokoni, noti zinapoteza nguvu. Mihogo haiongezeki kwa sababu karatasi zimeongezeka.

Ilitokea noti moja yenye kuandikwa zaïre 5.000.000. Mwanzoni mwa mwaka 1993 wafanyabiashara wengi waliikataa. Oktoba ya mwaka ule ule feza ilibadilishwa: zaïre mpya moja ilichukua nafasi ya zaïre za zamani 3.000.000. Lakini kubadili jina la feza si kutengeneza sanduku. Bei ziliendelea kupanda, na mwaka 1998 feza ilibadilishwa tena, tukapata franka ya Kongo.

Nani aliumia? Tajiri aliweka mali yake katika nyumba na feza za kigeni. Aliyeumia ni mwalimu aliyengoja mshahara wake mwisho wa mwezi, na kumbe umekuwa karatasi tupu. Aliyeumia ni mjane aliyeficha feza zake ndani ya chungu.

Mwaka 2000 bei za vitu zilipanda bado zaidi ya mara tano katika mwaka mmoja. Mwaka 2001 Serikali iliamua jambo moja ambalo kila mama wa nyumbani analijua: kutotumia ila kile kilichomo sandukuni. Haikuwa rahisi, kwa maana wengi walinyimwa walichozoea kupata. Lakini mwaka 2003 bei hazikupanda hata sehemu moja ya tano kwa mwaka mzima. Mmeona? Neno "hapana" likisemwa na msimamizi kwa wakati wake, linaweza kulinda chungu cha mjane.

5. Ahadi na mkate

Sasa tuseme juu yenu ninyi wenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Leta ilikuwa haiwalipi walimu inavyopasa. Walimu waligoma, madarasa yakafungwa. Ili watoto wasipoteze mwaka, wazazi na wakubwa wa shule walipatana kwamba wazazi watawaongezea walimu kitu kidogo. Ulikuwa msaada wa siku chache. Lakini siku zile chache zilikuwa zaidi ya miaka 25. Sisi tuliofundisha wakati huo tumewaona watoto wakirudishwa nyumbani kwa sababu baba hakulipa. Wengine walirudi baada ya wiki. Wengine, na hasa wasichana, hawakurudi tena. Mtoto mwerevu kusimama nje ya dirisha na kusikiliza wenzake wakisoma ni jambo linalouma moyo.

Katiba ya mwaka 2006 ilisema kwamba masomo ya msingi katika shule za Leta ni ya lazima, tena ni bure. Neno zuri! Lakini wazazi waliendelea kulipa miaka 13 mingine. Kwa nini? Kwa sababu Katiba ilitoa ahadi, lakini bajeti haikuweka feza za kuitimiza. Mwalimu hali maneno. Kama mzazi halipi, na Leta hailipi, ni nani atakayelipa?

Septemba 2019 Serikali ilianza kuitimiza ahadi hiyo katika nchi nzima. Watoto wengi sana walikuja. Mkubwa wa shule aliyezoea watoto 40 katika darasa aliona 80 wameketi, wengine chini. Ilibidi kutafuta feza za mishahara, za madarasa na za chaki, mwaka huo na kila mwaka unaofuata. Walimu wengine walifundisha muda mrefu bila majina yao kuingia katika orodha ya mishahara, wakanung'unika kwa haki. Wazee wetu wanasema: ahadi ni deni. Nasi tunaongeza: deni lazima liandikwe katika bajeti.

6. Kutengeneza njia iliyoharibika

Mfereji wa maji ukiwa na matundu, hufai kuongeza maji tu. Lazima uzibe matundu. Kazi hiyo ya kutengeneza upya nayo ni ya mawaziri hawa.

Zamani mishahara ya wafanyakazi wa Leta ilibebwa katika magunia, ikapita mkono kwa mkono mpaka vijijini. Kila mkono ulionata, mshahara ulipungua. Tangu mwaka 2011 Leta ilianza kuwalipa kwa njia ya benki, kila mmoja kwa jina lake. Mahali pasipo na benki, shirika la kanisa letu, Caritas, lilisaidia kuwafikishia walimu mishahara yao.

Tundu lingine ni majina ya uongo. Mwaka 2020 wakaguzi wa feza za Leta walichunguza orodha za walimu. Walikuta majina ya walimu wasiokuwako, hata na shule zisizokuwako. Tufanye hesabu kidogo. Tuseme kuna franka 100.000 za kugawiwa walimu 20. Kila mmoja anapata 5.000. Lakini tukienda kuwaona darasani, tunawakuta 16 tu. Wanne ni majina ya karatasi. Kama tungeyafuta majina hayo, kila mwalimu wa kweli angepata franka 6.250. Basi mwizi wa orodha hakuiba kwa "Leta" tu. Amemnyang'anya mwalimu wako franka 1.250, naye mwalimu huyo ana watoto nyumbani kama baba yako.

Tena, sheria ya tarehe 13 Julai 2011 ilitaka bajeti ipangwe kwa namna mpya. Isiandikwe tu "feza kadha wa kadha kwa wizara fulani." Iandikwe kazi gani itafanyika, na matunda gani yataonekana. Namna hiyo mpya imecheleweshwa zaidi ya mara moja, kwa maana inadai watu waliofundishwa vizuri na vitabu vya hesabu vilivyo safi. Lakini maana yake ni rahisi: msiniambie mmetumia kiasi gani, nionyesheni daraja.

7. Nani anamlinda mlinzi?

Waziri mwenyewe ni mtu. Kwa hiyo sheria imemwekea walinzi. Kabla ya kuanza kazi, na tena anapoiacha, Katiba inamlazimu aitangazie Mahakama ya Katiba mali yake: nyumba, mashamba, feza. Hivi itajulikana kama alitajirika pasipo njia. Wabunge wanaweza kumwita na kumuuliza maswali. Ukaguzi Mkuu wa Feza, ulio chini ya Rais, unapekua vitabu. Mahakama ya Hesabu inapaswa kutoa taarifa kila mwaka kwa Rais, kwa Bunge na kwa Serikali.

Lakini yuko mlinzi mwingine: raia anayejua kusoma na kuhesabu. Daraja la kijiji likiandikwa kwamba limejengwa, na wanakijiji bado wanavuka kwa mtumbwi, nani atasema? Asiyejua kusoma hawezi kujua kwamba daraja limeandikwa. Ndiyo maana mnajifunza.

8. Mfano wa Yosefu

Mnakumbuka habari za Yosefu katika Misri. Farao alimweka juu ya nchi yote, naye alikuwa mgeni, tena alikuwa ametoka gerezani. Katika miaka saba ya shibe alitenga sehemu moja ya tano ya mavuno, akaiweka katika ghala za miji. Bila shaka wakati huo watu walipenda kula yote. Njaa ilipofika, ghala zilifunguliwa, nchi ikapata mkate, na hata ndugu zake waliomuuza walikula.

Angalieni mambo matatu. Yosefu alihesabu kabla ya njaa, si baada yake. Alisema hapana wakati wa shibe, ili aweze kusema ndiyo wakati wa taabu. Na nafaka ile, ingawa funguo zilikuwa mkononi mwake, hakuiita yake.

Labda mmoja wenu siku moja atakuwa Waziri. Wengi hawatakuwa. Lakini kila mmoja wenu atashika feza za wengine: za darasa, za chama cha wakulima, za parokia, au za nyumba yake mwenyewe. Anza leo. Ukitumwa kununua mafuta, rudisha chenji yote, hata franka 50. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika, hesabu, onyesha. Anayeonyesha daftari lake bila kuombwa, huyo mtampa ufunguo bila kuogopa.

Maneno magumu

Bajeti: mpango wa mwaka mmoja unaoonyesha feza zitakazoingia na zitakazotoka.
Ushuru: feza zinazolipwa juu ya vitu, hasa vikipita mpakani au vikiuzwa.
Msimamizi: mtu anayetunza mali ya mwingine.
Mkaguzi: mtu anayechunguza kama hesabu na kazi ni za kweli.
Taarifa: habari iliyoandikwa, inayotolewa kwa wakubwa au kwa watu wote.

Maulizo

1. Feza za Leta zinatoka wapi? Taja njia tatu.
2. Kazi ya Waziri wa Feza na kazi ya Waziri wa Bajeti zinatofautianaje?
3. Taja milango minne. Kwa nini haipiti mikononi mwa mtu mmoja?
4. Kwa nini kuchapisha noti nyingi hakukuleta utajiri?
5. Katiba iliahidi masomo ya bure mwaka 2006. Ni nini kilichokosekana mpaka mwaka 2019?
6. Hesabu: Franka 180.000 ziliwekwa kwa walimu 30. Watano kati yao si watu wa kweli. Kila mwalimu wa kweli ananyang'anywa franka ngapi?
7. Kazi ya nyumbani: Muulize mama namna anavyogawa feza za soko. Andika mafungu yake katika kaye yako, kisha ueleze fungu lipi linatangulia, na kwa nini.